Walioombewa Barabarani

Ijumaa ya tarehe 4 Desemba 1998, watu wapatao 250 walitembea na mishumaa katika mitaa ya Allston, kitongoji cha wanafunzi, wanamuziki na wahamiaji katika jiji la Boston, Marekani. Walipofika mtaa wa Park Vale walisimama mbele ya jengo la ghorofa. Humo ndimo Rita Hester alimokuwa akiishi, na humo ndimo alimochomwa visu siku sita kabla. Mama yake, Kathleen Hester, akapiga magoti mlangoni pamoja na wanawe, akaanza kusali Baba Yetu. Waliokuwa karibu wakaipokea sala.

Kabla ya hapo mama huyo alikuwa amepewa kipaza sauti. Maneno yake yalikuwa machache: kwamba angekuwa radhi kufa badala ya Rita, avipokee yeye visu vile, amwambie mwanawe akimbie.

Rita alikuwa Mmarekani Mweusi, mzaliwa wa Hartford, Connecticut, na mtu wa jukwaani. Katika baa na kumbi za Allston alijulikana vizuri. Alikuwa transijenda, yaani mtu aliyehesabiwa mvulana siku aliyozaliwa, naye akajijua na kuishi kama mwanamke. Jioni ya Jumamosi tarehe 28 Novemba majirani walisikia purukushani chumbani kwake wakawaita polisi. Alikuwa na majeraha 20 ya kisu, na alifia hospitali. Zilikuwa zimebaki siku mbili afikishe miaka 35. Hadi leo hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa kifo hicho.

Kilichowauma wenzake zaidi ya ukimya wa polisi ni magazeti. Magazeti ya Boston, likiwemo lile la mashoga wenyewe, yalimwandika kama mwanamume, na jina la Rita likawekwa ndani ya alama za kunukuu, kana kwamba ni lakabu ya tapeli aliyenaswa. Watu wakaandamana kupinga. Ukiwasikiliza wanaosimulia habari za wiki ile, utagundua kwamba ule mkesha wa mishumaa ulikuwa pia jibu kwa magazeti: mbele ya umma, mama mzazi alimwita mwanawe kwa jina lilelile ambalo wahariri walilitilia shaka.

Boston ilikuwa imeshapita njia hiyo. Tarehe 20 Novemba 1995, mwanamke mwingine mweusi transijenda, Chanelle Pickett, aliuawa Watertown, mji unaopakana na Boston. Mshtakiwa alifutiwa shtaka la mauaji, akapatikana na hatia ya shambulio tu, akafungwa kifungo kifupi ambacho mwizi wa magari angekishukuru. Rita alipouawa miaka mitatu baadaye, Gwendolyn Ann Smith wa California, naye transijenda, alishangaa kuona kwamba wenzake aliozungumza nao walikuwa hawamkumbuki Chanelle. Miaka mitatu tu! Akaanza kukusanya majina ya waliouawa. Novemba 1999 ikafanyika mikesha ya kwanza ya ukumbusho, Boston na San Francisco, na tarehe ikaja kutulia kwenye 20 Novemba.

Utaratibu wenyewe hauna makuu. Majina husomwa moja baada ya jingine, pamoja na mahali na namna mtu alivyouawa, mshumaa huwashwa, watu hukaa kimya. Baadhi ya waliomo kwenye orodha hawana hata jina, kwa kuwa maiti iliokotwa na hakuna aliyejitokeza kuidai. Aliyekulia katika khitma au katika misa ya wafu hataona ugeni wowote hapa. Na Novemba kwa Wakatoliki ndio mwezi wenyewe wa kuwaombea marehemu. Lakini mikesha ile ilizaliwa nje ya kuta za kanisa, na kwa muda mrefu wengi wa waliokuja walikuja kwa sababu kanisa la nyumbani kwao lilikuwa limewafungia mlango.

Isitoshe, milango hiyo ilikuwa na historia. Tarehe 6 Oktoba 1968 Troy Perry, mhubiri wa Kipentekoste aliyefukuzwa kazini kwa kuwa shoga, aliongoza ibada ya watu 12 sebuleni kwake Huntington Park, California. Hapo likaanza Kanisa la Metropolitan Community Church, lililowapokea mashoga bila kuwataka waahidi kubadilika. Miaka mitano haijaisha, tawi lake la New Orleans likapata msiba ambao ungefunza nchi nzima, kama nchi ingetaka kufunzwa. Jumapili jioni, tarehe 24 Juni 1973, mtu alimwaga mafuta ya kiberiti cha gesi kwenye ngazi za baa ya UpStairs Lounge, ghorofa ya pili, akayawasha. Waumini kadhaa walikuwa humo baada ya ibada. Waliokufa ni 32, akiwemo mchungaji wao, Bill Larson, aliyekwama kwenye nondo za dirisha. Mwili wake uliachwa palepale kwa saa nyingi, ukionekana na wapita njia.

Kisha ikaja kazi ya kuzika. Makanisa yaliombwa yakakataa. Padri mmoja wa Kiepiskopali, William Richardson wa kanisa la St. George's, alifungua kanisa lake kwa sala fupi siku iliyofuata, akaandikiwa barua za matusi na kukemewa na askofu wake. Wiki moja baada ya moto, Wamethodisti wa St. Mark's walikubali kufanyika ibada ya ukumbusho. Inasimuliwa kwamba ibada ilipokaribia kwisha watu waliambiwa kuna kamera za televisheni nje, na kwamba asiyetaka kuonekana atumie mlango wa nyuma, lakini hakuna aliyeutumia. Baadhi ya maiti hazikuchukuliwa na ndugu, zikazikwa katika makaburi ya maskini kwa gharama ya jiji.

Waliokufa katika moto ule wengi walikuwa mashoga, si transijenda. Nimeutaja kwa sababu ndipo kanisa hilo dogo lilipojifunza kazi ambayo lingekuja kuifanya kwa wengine: kuzika watu ambao hakuna anayetaka kuwazika.

Tawi la New York ndilo lililompokea Sylvia Rivera. Huyu, kama hujapata kusikia habari zake, alikuwa mtoto wa mitaani wa asili ya Puerto Rico na Venezuela aliyezaliwa mwaka 1951. Mwaka 1970 yeye na rafiki yake Marsha P. Johnson waliunda kikundi cha STAR na kupanga nyumba ya kuwalaza vijana transijenda waliofukuzwa makwao. Kodi ilitoka katika pesa walizopata kwa kujiuza. Marsha, mcha Mungu wa namna yake aliyezoea kusali mbele ya sanamu za watakatifu, aliokotwa akiwa maiti katika mto Hudson Julai 1992. Polisi walisema amejiua. Rafiki zake hawakukubali hata siku moja, na miaka 20 baadaye jalada likafunguliwa upya.

Sylvia naye alikuwa ameishi kando ya mto huohuo bila nyumba. Alipotulia, alitulia kanisani. Katika Metropolitan Community Church ya New York aliendesha stoo ya chakula, akiwagawia wenye njaa, yeye ambaye alijua njaa tangu utotoni. Juni 2000 mwanamke transijenda aitwaye Amanda Milan, mwenye miaka 25, alikatwa koo mbele ya kituo kikuu cha mabasi cha Manhattan. Ilielezwa kwamba baadhi ya madereva wa teksi waliokuwa wakitazama walishangilia. Sylvia alirudi barabarani kwa hasira ya ujana wake, akakifufua kikundi cha STAR ili kudai haki ya Amanda. Alifariki kwa saratani ya ini tarehe 19 Februari 2002, na kanisa lake ndilo lililomwombolezea. Stoo ile ya chakula ilipewa jina lake, na kanisa likafungua pia mahali pa kulala vijana wasio na makazi, palipoitwa Sylvia's Place. Kwangu mimi hiyo ni heshima kubwa kuliko sanamu: mkate na kitanda kwa mtoto ambaye bila hivyo angelala barabarani, ambako wengi wa walio kwenye orodha ya Novemba waliuawa.

Mwaka huohuo wa 2002 msiba uliingia ndani ya parokia ya Kikatoliki. Newark, California, ni mji mdogo. Gwen Araujo alikuwa na miaka 17. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Oktoba, katika sherehe nyumbani kwa vijana aliowajua, iligundulika kwamba mwili wake ulikuwa wa kiume. Alipigwa, akanyongwa, akafukiwa milimani umbali wa saa kadhaa kwa gari. Walikuwepo watu wengine nyumbani mle, na kwa karibu wiki mbili hakuna aliyetoa taarifa iliyowafikisha polisi kwenye kaburi, mpaka mmoja wa waliohusika alipoongoza njia. Wakati huo shule ya sekondari ya mji ilikuwa katikati ya mazoezi ya mchezo wa kuigiza juu ya kijana shoga aliyeuawa Wyoming mwaka 1998.

Mama yake, Sylvia Guerrero, hakwenda kutafuta kanisa jingine. Ibada ya maziko ilifanyika St. Edward's, kanisa la palepale Newark, mwishoni mwa Oktoba, na mji ukajaa humo. Wapo waliodhani mama angeona haya. Kinyume chake, alikwenda mahakamani kuomba jina la mwanawe libadilishwe rasmi, na mwaka 2004 hakimu akaridhia: Gwen, karibu miaka miwili baada ya kufa, akawa Gwen kisheria.

Kesi ya mauaji ilienda kwa shida. Mawakili wa utetezi walidai kwamba wateja wao walipatwa na mshtuko walipogundua "kudanganywa", na kwamba mshtuko huo upunguze kosa. Baraza la kwanza la wazee wa mahakama lilishindwa kuafikiana. La pili, mwaka 2005, liliwatia hatiani washtakiwa wawili kwa mauaji ya daraja la pili. Wengine wawili walikubali kosa dogo zaidi la kuua. Mama aliendelea kuzunguka mashuleni na kwenye kamati za bunge la jimbo. Mwaka 2006 California ilipitisha sheria yenye jina la Gwen ya kuwaonya wazee wa mahakama wasihukumu kwa chuki, na mwaka 2014 jimbo hilo likawa la kwanza Marekani kuupiga marufuku kabisa utetezi wa mshtuko.

Baada ya hapo madhehebu yalianza kusogea, kila moja kwa mwendo wake. Waepiskopali, walewale waliomkemea padri wa New Orleans, mwaka 2012 waliandika katika kanuni zao kwamba transijenda asizuiwe kutumikia kanisa kwa sababu ya hali yake. Wayahudi wa Mageuzi walipitisha azimio pana mwaka 2015. Ibada za tarehe 20 Novemba zikaingia makanisani na kwenye masinagogi, na orodha za majina zikasomwa madhabahuni. Makanisa mengi zaidi hayakusogea kabisa, na hilo nalo ni sehemu ya historia.

Afrika Mashariki tuna ukurasa wetu. Aliyezikwa hakuwa transijenda, bali mwanamume shoga, lakini swali lililoulizwa kaburini pake ni lilelile. David Kato wa Uganda alikuwa mwalimu na mtetezi wa haki za mashoga. Oktoba 2010 gazeti moja la Kampala lilichapisha picha yake na za wenzake pamoja na wito wa kuwanyonga. Yeye na wenzake wawili wakalishtaki, na Januari 2011 wakashinda. Wiki nne hazijapita, tarehe 26 Januari, alipigwa nyundo nyumbani kwake Mukono akafa. Kijana mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 30.

Kwetu msiba hauna mwaliko. Unasikia, unakwenda, na ukifika hoja zako unaziacha nje ya ua. Tarehe 28 Januari, kijijini kwao Nakawala, mchungaji wa Kianglikana aliyepewa kipaza sauti aliyageuza maziko kuwa mahubiri ya kuwalaani waombolezaji, akiwataka watubu kama watu wa Sodoma. Ukatokea mvutano, kipaza sauti kikanyang'anywa. Wanakijiji wakakataa kulibeba jeneza. Rafiki za marehemu, wengi wakiwa vijana kutoka Kampala, wakalibeba wenyewe hadi kaburini. Aliyemaliza ibada ni mzee wa zaidi ya miaka 70, Christopher Senyonjo, askofu mstaafu wa West Buganda, ambaye kanisa lake lilikuwa limeshamtenga kwa kuwasikiliza na kuwashauri mashoga. Alisimama pembeni ya kaburi akatoa baraka. Sijui mahubiri ya Kiafrika ya karne hii yaliyokuwa mafupi zaidi na yenye maana zaidi.

Msomaji Mwislamu atauliza kama haya ni mambo ya Wakristo tu. Hapana. Twende Peshawar, Pakistan. Mei 2016 Alisha, kijana transijenda wa miaka 23 na mtetezi wa wenzake, alipigwa risasi kadhaa. Rafiki zake walimkimbiza katika hospitali kubwa ya mji, na huko, kwa maelezo yao, wahudumu wakabishana alazwe wodi ya wanaume au ya wanawake, huku wengine wakiwatania waliomleta. Alifariki siku chache baadaye. Pakistan ina jamii ya kale ya watu hawa, khwajasara, wanaoishi chini ya walezi wanaowaita guru. Wengi hukataliwa na familia wangali watoto, na kila wakifa huzuka tatizo la nani atawasalia.

Mwezi mmoja baada ya kifo cha Alisha, masheikh wasiopungua 50 wa jumuiya moja ya Lahore walitoa fatwa. Walisema transijenda ni Mwislamu kama wengine katika maziko: aoshwe, avishwe sanda, asaliwe. Kumnyima urithi ni kujitafutia ghadhabu ya Mwenyezi Mungu. Kumdhihaki ni haramu. Walizungumzia na ndoa, kwa masharti yao ambayo si kila mtu atayapenda.

Wala masheikh hao hawakubuni jambo jipya kabisa. Vitabu vya fiqhi vya karne nyingi vina mlango kuhusu hunthaa, mtu ambaye maumbile yake hayakubainika: nani amwoshe akifa, na jeneza lake liwekwe wapi katika safu. Hunthaa si sawa na transijenda, na mwenye elimu atanisahihisha nikichanganya. Ninachoonyesha ni kwamba wanazuoni wale walijiuliza namna ya kumzika. Kutomzika halikuwa jibu mojawapo. Na katika Sunan ya Abu Dawud kuna habari ya mwanamume mwenye mwenendo wa kike aliyeletwa kwa Mtume Muhammad (S.A.W.). Alifukuzwa mjini. Masahaba walipouliza kama wamuue, Mtume akajibu kwamba amekatazwa kuwaua wanaosali. Wapo waliojadili isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi, ya hadithi hiyo, na kufukuzwa kwa mtu yule si jambo la kufunika. Anayeitumia kuhalalisha damu, hata hivyo, hakuisoma hadi mwisho.

Bunge la Pakistan lilipitisha sheria ya kuwalinda mwaka 2018; Mei 2023 Mahakama ya Sharia ya nchi hiyo ikavitangaza baadhi ya vifungu vyake kuwa kinyume cha Uislamu. Mauaji hayajakoma. Lakini mjini Islamabad mwanamke transijenda, Rani Khan, aliyekuwa akijipatia riziki kwa kucheza ngoma, alitumia akiba yake kufungua madrasa ya wenzake. Humo walijifunza Kurani na kushona nguo.

New York ilirudi kwenye habari Februari 2024, wakati jeneza la Cecilia Gentili, mwanaharakati transijenda mzaliwa wa Argentina, lilipoingizwa katika kanisa kuu la St. Patrick's mbele ya zaidi ya watu 1,000. Yeye hakuuawa kwa kisu wala risasi, lakini waliokuja walikuwa walewale wa mikesha ya Novemba. Walivaa walivyopenda, walishangilia, walilia kwa sauti. Mapadri wakakata Misa, wakaiacha iwe ibada fupi isiyo na Ekaristi, kisha uongozi wa kanisa ukalaani yaliyotokea na kusoma Misa ya malipizi. Nakubali kwamba mwenye nyumba ana haki ya kulinda adabu ya nyumba yake. Lakini sijapata kusikia Misa ya malipizi kwa ajili ya Amanda Milan, aliyekatwa koo umbali wa mwendo wa miguu kutoka kwenye kanisa hilo.

Shirika la Ulaya linalohesabu vifo hivi liliorodhesha waliouawa 350 duniani katika hesabu yake ya mwaka 2024, Brazil ikiongoza, na hao ni wale tu ambao habari zao zilifika kwenye karatasi. Baadhi yao wana mama wanaosali katika makanisa na misikiti tunayosali sisi. Kwa hiyo ombi langu ni kwa sheikh, padri au mchungaji atakayeitwa siku moja kwenye msiba wa aina hii. Hoja zako juu ya maumbile na maandiko utapata siku nyingine ya kuzitoa. Siku hiyo soma dua, mtaje marehemu kwa jina ambalo mfiwa anamwita, kisha mpe mama yake kipaza sauti.